Bob Arobaini

Hivi nani alikaa kwenye kiti cha kuzunguka akaamua Mkenya anahitaji sarafu ya bob arobaini, yaani shilingi arobaini? Tungepewa hata ya hamsini, mtu angeelewa. Eti ni 2003, uhuru umefikisha miaka 40 tangu 1963, basi kila mwaka ukapewa bob yake. Kwa mwendo huo 2023 tungeletewa ya sitini.

Na kuigonga si mchezo. Ni vyuma viwili, pete nje na kidude katikati. Mashine inakandamiza mara moja, vinabanana, na picha zinatokea pande zote mbili papo hapo. Huku nembo ya taifa, huku Mwai Kibaki, ambaye Ikulu hata kiti kilikuwa hakijapata joto vizuri.

Baadaye katiba ya 2010 ikasema sura ya mtu isiwekwe kwenye pesa. Ndio 2018 wakaja wanyama: twiga bob moja, kifaru tano, simba kumi, ndovu ishirini. Sikatai, ni wazuri. Lakini sisi wa Kisumu tumekosea wapi? Kiboko wa Dunga anatuchungulia kila siku pale majini, hata bob mbili hastahili? Na samaki wetu ngege je, aliyesomesha watoto wa watu mpaka chuo?

Sasa hiyo arobaini niliikuta kwenye koti la zamani. Natoka Kondele kwenda stendi, makanga ananyoosha mkono, namwekea. Anaigeuza. Anaiuma.

"Mzee, hii ni ya Uganda."

"Ya Uganda na Kibaki ndani?"

"Basi iliondolewa sokoni 2019."

Omera, kilichoondolewa 2019 ni ile noti ya zamani ya elfu! Nimemweleza mpaka Kibuye, abiria wote wamekuwa mahakimu. Mama mwenye karai la omena anasema ni mbao, ile bob ishirini, iliyonenepa. Kijana wa earphone, ambaye hakuzaliwa wakati huo, ananihurumia kwa macho. Makanga akapunguza hasira: atanisaidia, ataihesabu kama ishirini, niongeze nyingine.

Ndipo jamaa mmoja wa kiti cha nyuma akauliza kama naiuza, yeye hukusanya. Atanipa mia.

Gari likanyamaza. Makanga akarudisha mkono haraka, safari hii kwa adabu.

"Mzee wangu, si ulikuwa umeshalipa? Leta arobaini yangu."

Nikamlipa na ndovu wawili.