Kashata Hatoki Bado

Jumamosi iliyopita, bibi mmoja ninayepanga naye nyumba moja hapa Ngamiani, Tanga, ambaye kwa umri na kwa heshima ninamhesabu kama bibi yangu mzaa mama, alikuja chumbani kwangu kuazima mbuzi wa kukunia nazi, akaondoka na mbuzi pamoja na kesi. Alimkuta Kashata, paka wangu jike, amepanda dirishani, amepenyeza mkono mmoja kati ya nondo, anawalilia kunguru waliotua juu ya bati la jirani. Akaniuliza paka huyu ana umri gani, nikamjibu kwamba ana miezi mitatu na nusu. Akaniuliza tangu nimlete ametoka nje mara ngapi, nikamwambia hajatoka hata mara moja. Hapo bibi aliutua mbuzi chini, akaukalia kama anayetaka kukuna, akanisimulia ile hadithi ya Mtume, habari ya yule mwanamke aliyeingia motoni kwa sababu ya paka. "Mwanangu," alimalizia, "mfungulie. Utaulizwa."

Hayo ningeyameza. Wazee wetu wana haki ya kutuonya, na mbuzi wangu ulirudi jioni ile ile ukiwa umeoshwa. Kilichonichoma ni kwamba kesho yake, nilipotoka kwenda kununua mboga na kuuegesha mlango tu, bibi aliona bora aitekeleze hukumu yake kwa mkono wake. Niliporudi nilimkuta Kashata chini ya mkokoteni wa muuza maji, kando ya barabara ambayo waendesha bodaboda wake hawajapata kusikia habari za breki, amejikunja mpaka amekuwa mdogo kuliko siku niliyomleta, na kunguru wanne wamemzunguka wanapokezana kumdonoa mkia. Nilimtoa pale kwa kutambaa, na kiganja changu bado kina mikwaruzo mitatu ya shukrani zake.

Nianze na masimulizi yenyewe, kwa sababu tangu siku hiyo kila anayepita ukumbini hunikumbusha. Mimi si shekhe, lakini habari ya mwanamke yule tulifundishwa sote chuoni, na tulifundishwa yote, si kipande. Alimfunga paka mpaka akafa. Hakumlisha, hakumnywesha, wala hakumwacha ajitafutie wadudu wa ardhini. Kashata anakula dagaa mara tatu kwa siku, dagaa ambao bei yake naijua vizuri kuliko ninavyojua bei ya nyama, na bakuli lake la maji hubadilishwa kabla sijajimiminia chai. Ama ile habari nyingine wanayoiongezea, kwamba paka si najisi kwa kuwa ni katika wanaotuzungukia, naipenda sana, ila nawaomba waisikilize vizuri: wanaotuzungukia sisi, majumbani mwetu. Haikusema wanaozunguka magurudumu ya bajaji.

Ninavyoona, watu wetu wanauliza swali lililo kombo tangu mwanzo. Wanauliza paka atoke akiwa na miezi mingapi, kana kwamba kuna asubuhi fulani anaamka akiwa mtu mzima. Mmoja atakuambia miwili, mwingine mitatu, mwingine atakuambia akishajua kushika panya. Mimi ninauliza jambo moja, tena la aibu kidogo kulizungumza mbele za wakwe: je, kizazi chake kimeshafungwa? Kama bado, hatoki, awe na miezi mitatu au minane.

Nina sababu ya kuwa mkali. Miaka sita iliyopita nilikuwa na paka niliyemwita Tunu, na nilimwachia atoke akiwa na miezi mitatu kwa sababu kila mtu aliniambia kwamba paka ni paka, anajijua. Alipokaribia miezi mitano alianza kulia usiku kwa sauti ya mtoto mchanga mwenye msokoto wa tumbo, akijiburura sakafuni huku ameinua makalio. Nilidhani anaumwa, nikampa maji ya uvuguvugu. Mashume matatu yaliyokuwa yakivizia juu ya paa yalilielewa jambo lile kuliko mimi. Baada ya siku sitini na kitu, Tunu, ambaye mwenyewe alikuwa bado anacheza na vifuniko vya soda, alizaa watoto wanne ndani ya kapu langu la nguo chafu, mmoja akiwa amekufa, na nakumbuka jinsi alivyowalamba mara mbili tatu, akainuka, akaja kunitazama usoni kama anayeuliza hivi vitu vinavyolia ni vya nani.

Watu wengi hawajui kwamba paka jike wa miezi minne anaweza kubeba mimba, na kwamba wengi huanza kutafuta dume wanapokaribia sita. Hawajui pia kwamba anaweza kubeba nyingine huku bado ananyonyesha. Na sisi wa huku tuna balaa letu la ziada. Mwili wa paka husubiri mchana mrefu ndipo upandwe na joto la kutaka dume, kwa hiyo paka wa Ulaya hupumzika miezi ya baridi, siku zinapokuwa fupi. Tanga ipo nyuzi 5 tu kusini mwa ikweta, mchana na usiku wake hukaribia kulingana mwaka mzima, na kwa sababu hiyo paka wetu hawana likizo. Jike mmoja akizaa mara tatu kwa mwaka, watoto wanne kila mara, hao ni kumi na wawili, na wale majike wa kwanza watakuwa wameshaanza kuzaa kabla mwaka haujaisha. Haihitaji mhasibu.

Sasa niambieni watoto hao huenda wapi. Hakuna asiyejua, ila hatusemi. Mtu huambiwa, "Wapeleke sokoni, kule kuna utumbo wa samaki, hawatakosa kula." Ni maneno laini kabisa, karibu yafanane na sadaka. Nami niliyasikiliza. Watoto wawili wa Tunu niliwatia kwenye kiroba cha unga, nikatoka nao alfajiri kwenda soko la Mgandini kabla watu hawajawa wengi, nikawaacha nyuma ya vibanda na kuondoka kwa mwendo wa mwizi. Kiroba kilikuwa kinajongea. Baada ya wiki moja nilimwona mmoja wao, nilimjua kwa baka jeupe la shingoni, jicho moja limeziba kwa usaha, anagombea matamvua ya samaki na paka mkubwa mara nne kuliko yeye. Hakunikumbuka. Nilinunua samaki wangu, nikarudi nyumbani, na yule samaki sikumla.

Ndiyo maana sina subira na mtu anayeniambia kwamba kumfunga paka kizazi ni ukatili na kuingilia maumbile. Waungwana hao wanaotetea uhuru wa paka wangu ndio hao hao ambao, watoto wakizaliwa juu ya dari lao, hutafuta kiroba. Uhuru wanaoupigania ni wa miezi mitano. Baada ya hapo kazi hukabidhiwa wauza samaki.

Tunu hakuimaliza mimba yake ya pili. Alikula sumu, au alikula panya aliyekula sumu, ile inayotembezwa mitaani kwa kipaza sauti kinachorudia maneno yale yale mpaka betri iishe, dawa ya panya, dawa ya mende, dawa ya kunguni, katika vifuko ambavyo havina hata herufi moja ya kumwambia daktari ni kitu gani kilichomo. Alifia uani, karibu na karo, saa moja asubuhi.

Chanjo nazo haziwezi kurukwa. Za mafua ya paka, pamoja na ile ya ugonjwa wa kuhara na kutapika unaoweza kummaliza mtoto wa paka kwa siku chache, huanza anapofikisha wiki 6 hadi 8 na hurudiwa kila baada ya wiki 3 au 4 mpaka afike wiki 16. Ya kichaa cha mbwa huchomwa kuanzia wiki ya 12, kwa sababu kichaa hicho, pamoja na jina lake, hakibagui paka, na dalili zikishaonekana hakuna daktari wa kukirudisha nyuma. Kashata amebakiza sindano moja. Kunguru nimeshawataja: huyu mweusi mwenye kola ya kijivu aliletwa Zanzibar kutoka India mwishoni mwa karne ya 19, akavuka kuja bara bila kualikwa, na kwake mtoto wa paka ni chakula tu. Lakini paka mkubwa, kunguru humwogopa. Kilichobadilika ni ukubwa, na ukubwa unataka muda.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba bibi hakukosea kila kitu. Chumba changu kina bati bila dari, na saa nane mchana hata mimi hutamani mtu anifungulie. Kashata amechana pazia, amekojolea begi langu la safari, na saa tisa usiku hufanya mbio zake kutoka kabatini hadi kichwani kwangu. Wahenga wanasema paka hashibi kwa wali, matilaba yake panya, na panya wa stoo ya nyumba hii wana afya kuliko wapangaji. Kwa hiyo sisemi afungiwe maisha yake yote. Huko Canberra, Australia, paka waliozaliwa kuanzia tarehe 1 Julai 2022 hawaruhusiwi kabisa kuzurura, na wana sababu zao, wana ndege na wanyama wadogo wasiopatikana popote pengine wa kuwalinda. Lakini nyumba ya Kiswahili yenye vyumba sita, ukumbi katikati, choo na jiko uani, na mlango wa mbele unaofunguliwa alfajiri na kufungwa baada ya isha, haiwezi kuwa gereza la paka hata ikitaka. Mlango utafunguka tu. Ninachotaka ni ufunguke kwa mpango, si kwa sababu mtu amekuja kuazima kitu.

Mpango wenyewe ni huu. Akitimiza miezi mitano atafanyiwa upasuaji. Daktari wa mifugo niliyempigia simu aliniuliza mara mbili kama nimesema paka, maana siku zake nyingi hupita kati ya ng'ombe wa maziwa, kisha akanitajia bei ambayo nimeamua bibi asiijue. Baada ya hapo Kashata atakaa ndani wiki mbili mpaka mshono ukauke. Hata angekuwa dume ningemhasi kabla ya kumtoa, kwa maana dume ndiye anayekwenda mbali na kurudi na sikio moja.

Siku ya kwanza nitamtoa asubuhi, si jioni, na nitamtoa akiwa na njaa. Hili nilijifunza kwa kukosea: Tunu nilikuwa namlisha kwanza ili asisumbue watu, naye akishiba hakuwa na haja nami mpaka usiku. Paka mwenye njaa hakai mbali na bakuli. Tangu Kashata aje, kila mlo wake huanza kwa kutikisa kibati cha maziwa ya unga nilichotia dagaa wakavu, mara tatu, tena kwa mdundo ule ule, na sasa hata akiwa amelala juu ya kabati huruka kabla mdundo wa tatu haujaisha. Atatoka uani tu kwa robo saa, nikiwa nimekaa kibarazani na kibati mkononi. Nikikitikisa akaja, kesho ataongezewa muda, na asipokuja tutarudi darasani. Usiku atalala ndani, kwa kuwa usiku ndio wakati wa mashume na wa wenye haraka barabarani. Na sumu nitaizungumza na kila mpangaji, mlango kwa mlango, nikianza na yule wa chumba cha nne, ambaye najua alinunua vifuko vitatu mwezi uliopita.

Jumatatu nilibandika karatasi mlangoni kwangu: "Tafadhali usifungue, paka yumo ndani." Nilijua bibi hasomi maandishi madogo, nikaandika kwa herufi kubwa. Jana niliporudi kutoka kazini nilikuta chini yake pameandikwa kwa kalamu ya penseli, kwa mwandiko wa mjukuu wake wa darasa la tatu, swali moja: "Mpaka lini?" Na sakafuni, kwenye kisahani kilichofunikwa kwa kawa, palikuwa na vichwa viwili vya changu vilivyochemshwa bila chumvi.

Nimeandika tarehe ya upasuaji, nikaongeza siku kumi na nne, na mbele yake nikaandika, "Bibi, siku hiyo mlango utaufungua wewe."