Tulivyonawa Gizani Bagira

Tulienda Bagira, mtaa wa Bukavu huko Kongo, watatu kujitambulisha kwa wakwe: mimi, baba mdogo ambaye ni katekista, na rafiki yangu wa kunipa moyo. Tulikosea siku. Mwezi ulikuwa mpevu, na mtu wa Bukavu anajua maana yake: wavuvi huvuta sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, kwa taa, na mwezi ukiwaka samaki hawana haja na taa ya mtu. (Sambaza wenyewe ni wageni Ziwa Kivu, waliletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950. Wao hawakutozwa mahari.) Sokoni Kadutu bei ilipanda. Mama mkwe akapika hao wachache aliowapata kwa mchuzi mwingi wa nyanya. Mwingi kweli.

Bugali ukaletwa, mmoja, mkubwa kama mto wa kulalia, wa wanaume sita. Baba mdogo akaombwa aongoze sala. Mbele ya wakwe huwa anaanzia kwa Adamu. Tulifumba macho taa inawaka. Tulipoitika "Amina" na kufumbua, giza totoro. Simu zote ziko chumbani zinachajiwa. Na ule mwezi uliotunyima sambaza, umejifunika mawingu.

"Tuendelee tu," akasema baba mkwe. "Mkono haupotei njia ya mdomo. Mgeni anawe kwanza."

Nikapapasa mezani, nikapata bakuli. Maji ya vuguvugu! Nikajua hapa napendwa. Nikazamisha mikono yote miwili, nikasugua hadi katikati ya vidole. Kitu kikanipita chini ya kidole gumba. Kilaini. Kina mkia.

Ningesema nini, na mahari hata haijatajwa? Nikamsogezea baba mdogo. Nikamsikia ananawa, anasita, anakohoa kidogo, anasogeza. Rafiki yangu akanawa. Shemeji wawili wakanawa. Hakuna aliyetoa neno. Baba mkwe alinawa wa mwisho, polepole, kama mtu anayehesabu.

Umeme ukarudi.

Wanaume sita, mikono hewani, nyekundu hadi vifundoni. Sambaza mmoja amenata kwenye pete ya ndoa ya baba mkwe. Mzee akamtazama, akambandua, akamtia kinywani.

"Chumvi iko sawa," akasema.

Mlango wa jikoni ukafunguka. Mama mkwe huyo, beseni mkononi, taulo begani.

"Munisamehe, makaa yalikataa kuwaka, maji yamechelewa. Nani anaanza kunawa?"