Ndugu wa mgonjwa naye ana taarifa

Mgonjwa akitolewa thieta akiwa hai, ndugu waliojaa nje huanza kupiga simu Kondoa na Mpwapwa kutoa shukrani. Shukrani hiyo ni ya haki, ila inatangulia mno, kwa sababu kutokwa damu ndani ya mwili, maambukizi na damu kuganda kwenye mishipa hujitokeza saa au siku kadhaa baadaye, mgonjwa akiwa wodini, mikononi mwa watu ambao hawakuwapo alipopasuliwa.

Upasuaji wenyewe umewekewa utaratibu. Orodha ya ukaguzi ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2008, yenye vipengele 19, ilijaribiwa katika hospitali za miji minane, Ifakara ikiwa mmojawapo, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2009 yalionyesha vifo vikishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Kipengele chake cha mwisho kinawataka daktari, mtaalamu wa usingizi na muuguzi wataje mambo ya kuangaliwa zaidi wakati mgonjwa anapata nafuu. Kwa maoni yangu, hapo ndipo kamba inapokatikia: zamu ya jioni inaikabidhi zamu ya usiku harakaharaka, faili limejaa vifupisho, na agizo la kupima kiasi cha mkojo kila saa linafika asubuhi likiwa limegeuka kuwa "anaendelea vizuri", maneno yasiyo na mapigo ya moyo wala shinikizo la damu.

Wakati huohuo, bibi aliyeletwa Dodoma kutoka Bahi anamweleza binti yake maumivu kwa Kigogo, na binti ndiye anayeona kwamba mama ameanza kuongea mambo yasiyoeleweka. Hajui vipimo, lakini kuchanganyikiwa ghafla ni dalili ya hatari inayotambuliwa kitabibu. Akisema, huambiwa asubiri daktari wa raundi. Asiposema, ni kwa kuogopa kuitwa mkorofi na mgonjwa wake kununiwa. (Woga huo tunaurithishana, na sidhani kama wahudumu wanajua ukubwa wake.)

Huko Uingereza, baada ya Martha Mills, msichana wa miaka 13, kufariki mwaka 2021 licha ya wazazi wake kueleza wasiwasi wao, hospitali zilianza mwaka 2024 kutumia kanuni inayoiruhusu familia kuomba timu nyingine imwangalie mgonjwa haraka. Sisi tunaweza kuanza na kidogo zaidi: makabidhiano ya zamu yafanyike kando ya kitanda, ndugu mmoja akiwapo na akiulizwa alichokiona, kisha jibu lake liandikwe kwenye faili pamoja na saa, na aelezwe kwa Kiswahili, au kwa Kigogo inapobidi, dalili gani zimfanye aite muuguzi, na amwite nani asiposikilizwa.

Muuguzi atakayeitwa bure mara kadhaa usiku atachoka, na hilo lisifichwe. Kwa hiyo uongozi wa hospitali ukikubali utaratibu huu, ukubali pia kuongeza wauguzi wa zamu ya usiku.