Sinagogi la Nairobi nalo ni historia yetu

Asanteni kwa makala ya kuadhimisha zaidi ya miaka 120 ya jumuiya ya Wayahudi wa Nairobi, iliyoanza mwaka 1904. Mpango wa Waingereza wa 1903, wa kuwapa Wayahudi makao Uasin Gishu, mmeupitia haraka mno. Ardhi ile ilikuwa na wenyewe, na hakuna aliyewauliza! Kongamano la Wazayuni, yaani wanaharakati waliotaka Wayahudi wawe na nchi yao, liliukataa mpango huo mwaka 1905. Familia chache zilikuja tu, kwa hiari yao.

Kilichonigusa zaidi ni miaka ya 1930, waliowakimbia Wanazi walipoanza kufika huku. Jumuiya yenyewe ilikuwa ndogo, lakini iliwapokea na kuwasaidia kuanza maisha upya, wengine mashambani. Hayo sikuwahi kufundishwa shuleni, na nasikitika. Halafu miaka ya 1950 jiji likapata meya Myahudi, Israel Somen.

Wengi wetu hulipita sinagogi lile kila siku, pale Uhuru Highway inapokutana na University Way, tusijue ni la nani. Ombi langu kwa mhariri: wahojini wazee wa jumuiya hiyo wangali hai.