Taa ya Choo Inangoja Mtandao

Jana baada ya Isha, mie mtu mzima, mwalimu mstaafu niliyefundisha Kiingereza skuli miaka 31, nilikuwa nimesimama chooni kwangu, sabuni imenijaa kichwa kizima na macho nimeyafumba, mara nikahisi kiza. Nikafumbua jicho moja. Kiza kweli. Umeme upo, maana feni ya ukumbini naisikia inavyolia. Tukuza, huo umeme wetu wa kulipia kabla, nimejaza mwenyewe asubuhi, kwa hiyo hapo msinitafute. Nikapapasa kitufe, nikabonyeza, nikabonyeza tena. Kimya. Nikaita. Bibi yenu akanijibu kutoka jikoni, kwa utulivu wa mtu aliyekwishaoga: "Waifai imeondoka, Mwalimu. Subiri irudi."

Nisubiri irudi! Kwani imekwenda Pemba?

Nyie mnakumbuka Disemba 2009, waya wa baharini unaotuletea umeme hapa Unguja ulipotuharibikia, tukakaa kiza miezi mitatu hadi tukaingia 2010. Miezi mitatu ile nilikwenda chooni na kibatari, nikaoga, nikatoka nimetakata. Leo umeme ninao, nimeulipia, na sabuni nimeisuuza kwa kukisia.

Haya yote kaniletea mwanangu wa Maskati. Alipokuja likizo alishusha boksi: globu sita, plagi, kamera ya mlangoni, spika ya kusema nayo, na ruta ya kutoa hiyo waifai. Akang'oa swichi zangu za ukutani, akaunga waya moja kwa moja, akabandika vitufe visivyo na waya. Taa ya chooni akaipangia ijizime baada ya dakika kumi, tusipoteze umeme. Nikamuuliza, nikibonyeza hapa inakuwaje? Akanieleza kwa fahari: amri inatoka kwenye kitufe, inaingia kwenye ruta, inapita chini ya bahari, inafika kwenye kompyuta za watengenezaji huko ng'ambo, kisha inarudi kuja kuwasha globu. Baina ya kidole changu na ile globu pana dhiraa tatu. Amri yangu inakwenda safari ambayo mie mwenyewe sijawahi kwenda.

Kamera inanipigia kengele kila paka akipita. Mji Mkongwe, na paka! Plagi sijui ya nini. Spika haijui Kiswahili, na nikiisemesha Kiingereza inaniambia haijanifahamu. Miaka 31.

Basi leo asubuhi nikaita fundi. Kaja kijana, suruali imembana kama soksi, begi mgongoni. "Shikamoo, Ami." Marahaba. Akatoa simu, akaanza kuzunguka nyumba ameinyoosha mbele kama mganga anayetafuta hirizi iliyozikwa. Ukumbini vistari vitatu. Ngazini kimoja. Alipofika mlango wa choo akaguna. Akagonga ukuta kwa kidole, kisha kwa ngumi, akapuliza vidole.

"Ami, ukuta huu una nini?"

"Mawe na chokaa, unene nusu mita na ushei. Walijenga watu waliokuwa wanalikimbia jua, mwanangu, hawakuwa wanangoja waifai."

Na si ukuta mmoja. Nyumba zetu hizi vyumba vyembamba kwa sababu boriti za mikoko urefu wake una mwisho, kwa hiyo kila hatua nne unakutana na ukuta mwengine. Kijana akapendekeza tutoboe, tupitishe waya. Nikakaa kitako. Mji huu uko kwenye urithi wa dunia wa UNESCO tangu mwaka 2000, hapa hata dirisha hulibadilishi bila ruhusa, ije kuwa kutoboa ukuta kwa ajili ya globu ya choo? Na ukuta wenyewe chokaa inajidondokea bila kuguswa. Tukiuchokoza ndio tunausaidia.

Akaniandikia kwenye karatasi, maana alishajua mie mwalimu. Ruta inatoa mawimbi aina mbili. Ya gigahezi 5 yana mbio lakini ukuta unayashinda upesi. Ya gigahezi 2.4 ni ya polepole ila yanapenya zaidi, na globu zangu zote zinajua hayo tu. "Sasa, Ami, tatizo la 2.4 ni kuwa maikrowevu nayo iko hapo hapo. Ikiwaka, inayapigia kelele."

Pakawa kimya. Nikamgeukia bibi yenu. Akatazama dirishani.

"Jana baada ya Isha ulikuwa unapasha nini?"

"Mkate wa kumimina tu. Kipande."

Kwa kipande cha mkate wa kumimina mie niwe kipofu chooni! Lakini fundi alikuwa hajamaliza. Kafungua programu ya ruta, macho yakamtoka. "Ami, mnaishi wangapi humu?" Watatu: mie, bibi, na mjukuu wa miaka tisa. "Basi mna vyombo 23 kwenye mtandao." Tukahesabu. Globu sita, plagi, kamera, spika: tisa. Simu zetu tatu: kumi na mbili. Na hizi kumi na moja? Akanisomea majina yake mmoja mmoja kama ninavyoita mahudhurio. Mtoto wa Micheweni. Galaxy ya Bi Harusi. Usiniguse. Usiniguse 2. Mwalimu Hanioni.

Mwalimu Hanioni!

Nikamwita mjukuu. Hakupinga, hakulia. Paswedi kaiuza, kila mtu kwa pakiti moja ya ubuyu. Na mie tangu Ramadhani nimeona barazani kwangu pamejaa vijana, wananiamkia kwa adabu, hawaondoki mpaka usiku. Nikajisemea, umri umeleta heshima. Nilikuwa nawapelekea hata kahawa!

Nikaamuru paswedi ibadilishwe saa ile ile. Fundi akabadilisha. Kisha ndipo akaniambia kuwa ukibadilisha paswedi, kila globu lazima isajiliwe upya, na ili ikubali kusajiliwa uizime na kuiwasha mara tano haraka haraka. Kwa swichi yake. Swichi zilizong'olewa.

Imebaki meni swichi.

Nikasimama kwenye mita, nazima, nawasha, nazima, nawasha. Friji ikakohoa. Feni ikawa kama mtu anayetaka kupiga chafya. Nyumba nzima ikamemetuka, na kichochoro chetu mnakijua, ukinyoosha mkono dirishani unamgusa jirani. Bi wa ng'ambo akatoa kichwa: "Mwalimu! Kulikoni, mnapunga?"

"Napunga waifai, Bi."

"Na ikipanda mniite, na mie nina maswali yangu."

Ikaanza kusajiliwa ya chooni. Programu inasema simu iwe kwenye 2.4, simu kila mara inarukia 5. Kijana akayatenganisha mawimbi, yale jina lake na haya jina lake, na hapo nikiri, kazi aliijua. Mpaka adhana ya Adhuhuri zimeingia globu mbili, ya darini nisikokwenda na ya ngazini. Akasema anakwenda kusali, anarudi. Msikiti uko mlango wa tatu. Mpaka Alasiri hajatoka.

Wallahi nimechoka. Sisemi kwa mzaha. Maji uyangoje yatoke usiku wa manane, mafuta yapande, daladala likuache limejaa, hayo tumezaliwa nayo, tunayajua tabia zake. Lakini globu! Globu haikuwa na neno na mtu. Ilikuwa ikiungua unanunua nyengine, basi. Sasa nishike paswedi, na toleo jipya la programu, na mtoto wa Maskati ananipigia kuniambia, "Baba, naona taa ya ngazini inawaka mchana." Anaona kutoka Maskati! Mie niliyesimama chini yake sijaiona.

Nikavaa kofia yangu nikashika njia ya Darajani kutafuta globu ya kawaida na swichi ya kubonyeza inayofanya "tak". Sikufika madukani. Pale sokoni nimekuta pweza, tena mbichi, mkubwa, mkono wake mmoja unamshibisha mtu. Muuzaji ananijua, nimemsomesha, akanipunguzia bila kuombwa. Nimerudi nyumbani na pweza, globu sina.

Bibi yenu kafurahi, anataka kumpika kwa nazi. Nikasema sawa, lakini kwa moto wa mkaa, hiyo maikrowevu isiguswe. Akanituma nikalete nazi mbili. Na nazi yenyewe, jamani, mmeuliza bei siku hizi? Kisiwa kizima minazi, mashamba minazi, pwani minazi, mtu ananitajia bei ya nazi moja huku kaegemea mnazi!