Mistari 11 ya kuazima

Machi 22, 2016, watengenezaji programu wa nchi nyingi walikwama kwa sababu ya mistari 11 ya msimbo. Kifurushi cha left-pad, yaani msimbo uliotayarishwa ili wengine wauazime, kilikuwa na kazi moja tu: kuongeza nafasi au herufi mwanzoni mwa maandishi mpaka yafikie urefu unaotakiwa. Mwandishi wake, Azer Koçulu, alikuwa amekosana na npm, ghala la vifurushi vya lugha ya programu ya JavaScript, lililomnyang'anya jina la kifurushi chake kingine, kik, na kuikabidhi kampuni ya programu ya ujumbe ya Kik. Kwa hasira akaviondoa vifurushi vyake vyote, zaidi ya 200. Babel, chombo cha kubadilisha msimbo wa JavaScript, iliyoitegemea left-pad kupitia vifurushi vya wengine, ikagoma kusakinishwa. Baada ya saa mbili hivi npm wakairudisha wenyewe.

Wenye msimamo mkali husema nguo ya kuazima haisitiri, kwa hiyo andika kila kitu mwenyewe. Kwa left-pad nakubaliana nao kabisa. Kazi ya dakika kumi haifai kuazimwa.

Lakini jaribu kuandika mwenyewe hesabu za saa za nchi mbalimbali. Inaonekana rahisi: Juba ilikuwa saa tatu mbele ya UTC, saa ya msingi ya dunia, sawa na Nairobi na Dar es Salaam. Kisha, Februari 1, 2021, Sudan Kusini ikarudisha saa nyuma kwa saa moja. Aliyekuwa ameandika "+3" kwa mkono wake, programu yake ilianza kusema uongo siku hiyohiyo. Aliyeitumia hifadhidata ya saa ambayo dunia nzima inachangia, alihitaji kusasisha tu.

Usimbaji fiche, yaani kuficha data ili wasiohusika wasiisome, ni mgumu zaidi. Najua nitaambiwa kuhusu Heartbleed, tundu la usalama lililokaa kwa miaka miwili hadi 2014 ndani ya OpenSSL, msimbo wa usimbaji fiche unaoazimwa na wengi. Mimi naona funzo lingine. Tundu lile liligunduliwa na watafiti wa Google na wa Codenomicon, kila upande kivyake, na kiraka kimoja kikawafaa wote. Tundu kama hilo likiwa kwenye msimbo ulioandika peke yako, nani atalitafuta zaidi ya mwizi?

Kinachoniuma ni uvivu wa katikati: kuazima bila kusoma, bila hata kuhifadhi nakala. Waliokuwa na nakala za vifurushi kwenye seva zao waliendelea na kazi siku ile ya Machi.