Wipa Zilizotangulia Gari

Volkswagen Beetle yangu ni ya mwaka 1965, enzi ambayo kiwanda kilikuwa bado hakijahamia volti 12, kwa hiyo ilikuja na umeme wa volti 6 na hedilaiti zenye mwanga wa koroboi iliyokaukiwa mafuta. Fundi umeme mmoja wa Moshi alikubali kuibadilisha iwe ya volti 12: akatoa dainamo, mtambo wa zamani wa kuzalisha umeme wa gari, akafunga altaneta, mrithi wake wa kisasa, akabadilisha koili na balbu zote, akaweka betri mpya chini ya kiti cha nyuma. Mota ya wipa aliiacha, akisema kwamba mashine ya Mjerumani haiogopi umeme. Alisema kweli, haikuogopa hata kidogo.

Kwa kuwa kilikuwa kiangazi, hakuna aliyegusa swichi ya wipa hadi siku tuliyokwenda Marangu kumposea mdogo wangu, baba mdogo akiwa mbele ndani ya suti yake ya harusi, na shangazi nyuma, juu ya betri, amekumbatia dumu la mbege. Tulipoanza kupanda mlima kutoka Himo mvua ikatukuta, nikawasha wipa.

Mota iliyoundwa kwa volti 6 ikipewa 12 hupokea nguvu karibu mara nne. Wipa zilianza kukipiga kioo kwa kasi ambayo jicho halikuweza kuifuata, huku gari lenyewe likijikongoja kwa gia ya pili na waenda kwa miguu wakipata nafasi ya kutusalimia mmoja mmoja.

"Mwanangu, punguza mwendo," akasema baba mdogo.

"Baba mdogo, sijafika hata 30."

"Sisemi gari. Nasema hizo fimbo."

Kabla sijajibu, mpira wa wipa ya kushoto ulichomoka pamoja na kibanio chake, ukavuka barabara na kutua juu ya mkungu wa ndizi wa mama mmoja, ambaye aliutazama mpira, akautazama mkungu, kisha akatutajia bei ya vyote viwili. Tukalipa. Chuma kilichobaki kiliendelea kuchora nusu duara kwenye kioo, mbele ya uso wa baba mdogo, hadi tulipofika.

Mzee wa nyumba ile, fundi mstaafu, alikuwa ametusikia tangu kwenye kona. Alitueleza kwa upole kwamba kuna rezista ya kupunguza volti, ambayo hufungwa kwenye waya wa mota ya wipa, na kwamba si kitu cha gharama. Kisha akaongeza mbuzi mmoja kwenye mahari, kwa hoja kwamba ukoo unaolinunulia altaneta gari la mwaka 1965 hauwezi kuja kulia umaskini mbele yake.